“Mfumo ulijaribiwa kwa watumiaji laki moja”: maana yake nini hasa?

Juni 30 ikikaribia na Wakenya waliochelewesha ritani za kodi wakiingia iTax kwa mpigo, au matokeo ya kidato cha nne yakitangazwa Tanzania, maneno ya mitandaoni huwa ni yale yale: ukurasa unazunguka tu, mfumo umelala, kwani hawa watu hawana hela ya kununua seva kubwa? Na mfumo wowote ukishalala, hakosekani msemaji wa kueleza kwamba ulijaribiwa kabla ya kufunguliwa na ukahimili watumiaji laki moja.

Anayelaumu seva na anayejitetea kwa laki moja wanaweza wote kuwa wanasema kweli, na bado asiwepo aliyeeleza kilichotokea. Hao laki moja walikuwa wanafanya nini? Waliingia kwa kasi gani? Walitulia kwa muda gani kabla ya kubonyeza tena? Walikuwa laki moja kweli, au ni mtu mmoja aliyerudiwa mara laki moja? Usipojibiwa hayo, idadi ya watumiaji haikuambii kitu.

Jaribio lenyewe

Jaribio la mzigo ni kuipa seva kazi ya siku yenye msongamano kabla siku hiyo haijafika, ili ijulikane itakwama wapi. Hakuna anayekusanya watu elfu ukumbini wabonyeze simu. Programu kama JMeter, k6, Gatling au Locust hutuma maombi kwa seva ikijifanya ni watu.

Maneno matatu yatatosha. Mtumiaji bandia ni nafsi moja inayoigizwa na programu hiyo: inaingia kwa akaunti yake, inafungua kurasa, inajaza fomu, inatoka. Ombi ni kila mara simu au kompyuta inapoidai seva kitu. Ziara ni safari nzima ya mtu mmoja, tangu anaingia mpaka anaondoka, na ndani yake mna maombi mengi.

Zana hizo zinapatikana bure, na kijana anayejua kuandika programu atajifunza mojawapo ndani ya wiki. Ugumu uko kwenye kuamua watumiaji bandia wafanye nini. Uamuzi huo ndio mpango wa mzigo, na majaribio mengi yanayodanganya huwa yameharibikia hapo.

Wangapi “kwa pamoja”?

Kosa la kwanza ni kuchukua idadi ya akaunti na kuiita watumiaji wa wakati mmoja. Chuo kina wanafunzi 12,000, basi tujaribu kwa 12,000. Lakini hawaingii wote kwa sekunde moja, na anayeingia hakai siku nzima.

Mama lishe anayepokea wateja wawili kila dakika, kila mmoja akikaa dakika 15 mpaka amalize sahani yake, atakuwa na watu 30 kwenye mabenchi. Hana haja ya kuwahesabu: wawili mara kumi na tano. Hesabu hiyo msomi wa Marekani John Little aliitolea uthibitisho mwaka 1961, na inafanya kazi kwenye seva kama inavyofanya kazi kwenye mabenchi. Waliomo kwa wakati mmoja ni kasi ya kuingia mara muda wa kukaa.

Turudi kwenye chuo cha mfano. Usajili wa kozi unafunguliwa Jumatatu saa 2 kamili asubuhi. Tuseme logi za seva, yaani kumbukumbu za kila ombi na saa lilipofika, za muhula uliopita zinaonyesha kwamba saa ya kwanza ilikuwa na ziara 7,200, na ziara moja huchukua dakika 5, yaani sekunde 300. Ukizigawa 7,200 sawasawa kwenye sekunde 3,600 za saa hiyo, wanaingia wawili kwa sekunde. Wawili mara 300 ni 600, na wengi huishia hapo.

Sasa zifungue logi dakika kwa dakika. Utakuta, kwa mfano, asilimia 30 ya ziara hizo ziliangukia dakika kumi za mwanzo. Hizo ni 2,160 ndani ya sekunde 600, sawa na 3.6 kwa sekunde. Zidisha kwa 300 upate 1,080. Logi ni zile zile, lakini hesabu imekaribia mara mbili kwa sababu umeacha kugawanya kwa saa nzima. Mfumo uliopimwa kwa 600 unakufa saa 2 na dakika 5, halafu kila mtu anashangaa.

Logi nyingi zimeandikwa kwa saa za kimataifa. Ukiona kilele kwenye 05:00, hao hawakuamka alfajiri. 05:00 ya kimataifa ni saa 2 kamili asubuhi ya Afrika Mashariki. Kuna ripoti ambazo zimekosea kilele kwa saa tatu nzima kwa jambo hilo dogo.

Mfumo mpya usio na logi hutafutiwa ndugu yake wa karibu: mfumo wa zamani, daftari la foleni ya dirishani, tarehe za mwisho za malipo, hata muda ambao tangazo la SMS litatumwa. SMS moja ikienda kwa watu 12,000 kwa mkupuo, kasi ya kuingia umeipanga wewe mwenyewe bila kujua.

Watu husoma kabla ya kubonyeza

Tuseme ziara moja ya chuo hiki hufungua kurasa 12. Wanaoingia ni 3.6 kwa sekunde, kwa hiyo seva inatakiwa kutoa kurasa 43 hivi kila sekunde. Kila ukurasa ukichukua nusu sekunde kufunguka, zile sekunde 300 zinamaanisha kwamba mwanafunzi hutulia kama sekunde 24.5 kwa kila ukurasa: anasoma, anatafuta namba ya kozi, anamuuliza jirani. Huo huitwa muda wa kufikiri.

Ukiusahau, mtumiaji bandia anabonyeza papo hapo jibu likifika. Watumiaji 1,080 wa namna hiyo, kwa ukurasa wa nusu sekunde, wangedai kurasa 2,160 kwa sekunde, mara hamsini ya mahitaji halisi. Mfumo mzima unaanguka, timu inaagiza seva zisizohitajika, na yote ni kwa sababu ya mstari mmoja uliosahaulika kwenye skripti, yaani maelekezo ambayo watumiaji bandia huyafuata.

Wapo wanaokwenda upande wa pili: wanatumia watumiaji 50 wasiofikiri, wanapata kurasa 100 kwa sekunde, kisha wanasema hiyo ni zaidi ya mara mbili ya kinachohitajika, basi tuko salama. Kwa idadi ya kurasa ni kweli. Lakini ziara 50 zilizo wazi hazili memori ya seva kama ziara 1,080 zilizo wazi, wala hazishiki miunganisho mingi kiasi hicho. Mfumo unaweza kuwa na nguvu ya kutosha ukakosa nafasi ya kuwaweka watu.

Muda huo usiwe namba moja kwa wote. Ukiandika sekunde 24.5 kamili, watumiaji waliowashwa pamoja watabonyeza pamoja kama gwaride, na seva itaona mawimbi ambayo watu wa kweli hawayaleti. Acha programu ichague yenyewe kati ya sekunde 10 na 39. Wastani utabaki ule ule.

Kundi lililofungwa na mlango ulio wazi

Hapa hata waliobobea huteleza. Zana nyingi, zikiachwa kama zilivyo, huendesha kundi lisilobadilika: watumiaji 1,080 wanaozunguka, akimaliza mmoja anaanza tena. Maisha ya mtandaoni hayako hivyo. Mwanafunzi wa 1,081 hajui kwamba wenzake wamekwama ndani. Saa 2 imefika, anaingia.

Mfumo ukiwa mzima huwezi kuona tofauti. Tofauti inajitokeza mfumo unapochoka. Chukulia kila ukurasa sasa unachukua sekunde 10 badala ya nusu sekunde. Kwenye kundi lililofungwa, kila mtumiaji anasubiri sekunde 10, anafikiri 24.5, ndipo anabonyeza tena. Kurasa zinazodaiwa zinashuka kutoka 43 hadi 31 kwa sekunde. Yaani jaribio lenyewe limemhurumia mgonjwa na kumpunguzia mzigo.

Kwenye maisha halisi wanafunzi 3.6 wanaendelea kuingia kila sekunde, ila sasa kila mmoja anakaa sekunde 414 badala ya 300. Waliomo wanapanda kutoka 1,080 hadi karibu 1,490. Kila aliyemo ameshika memori na muunganisho wake, hivyo mfumo unazidi kuwa mzito, watu wanazidi kukaa, na hapo hatujamhesabu anayefungua upya ukurasa kila baada ya sekunde tano kwa hasira. Ndiyo maana mifumo huanguka ghafla badala ya kupungua kasi polepole.

Kwa tovuti iliyo wazi kwa umma, panga kasi ya kuingia, usipange idadi ya waliomo. k6, Gatling na matoleo mapya ya JMeter yana namna ya kufanya hivyo. Kundi lililofungwa lina mahali pake: kituo cha huduma chenye kompyuta 40 na makarani 40 hakitakuwa na watumiaji 41.

Mlango gani wanaupitia

Oktoba 1, 2013 Marekani ilifungua HealthCare.gov, tovuti ambayo wakazi wa majimbo 36 wangenunulia bima ya afya. Ilikwama siku hiyo hiyo. Kumbukumbu zilizotolewa baadaye zilionyesha kwamba waliofanikiwa kujiandikisha siku ya kwanza walikuwa sita. Serikali ilieleza kwamba ilitarajia watumiaji 50,000 hadi 60,000 kwa wakati mmoja, wakaja 250,000.

Simulizi hiyo, watu walizidi, ndiyo inayokumbukwa. Lakini kuna sehemu yenye funzo kubwa zaidi kwa mpanga mzigo. Kabla ya kufunguliwa iliamuliwa kwamba mgeni asione bei za bima mpaka afungue akaunti kwanza. Wengi siku ya kwanza huja kuchungulia tu. Uamuzi huo uliwasukuma wachunguliaji wote kwenye kazi nzito kuliko zote, ya kufungua akaunti na kuthibitisha mtu. Ungeweza kuotea vizuri idadi ya wageni na bado ukakosea kabisa mzigo, kwa kukosea mlango watakaopitia. Juu ya hayo, wakandarasi waliliambia Bunge la Marekani kwamba kujaribu mfumo mzima kwa pamoja kulifanyika wiki mbili za mwisho, na gazeti la Washington Post liliripoti kwamba siku chache kabla ya uzinduzi mfumo ulikwama kwa watumiaji bandia mia kadhaa tu.

Kwa hiyo mpango lazima useme mchanganyiko wa kazi. Kwa chuo chetu ungesomeka hivi: kati ya ziara 100, zote 100 zinaingia kwa nenosiri na kufungua orodha ya kozi, 85 zinahifadhi usajili, 30 zinarudi kubadilisha, 10 zinatazama ada, 5 zinachapisha fomu. Kazi hizi hazina uzito sawa. Orodha ya kozi ni ile ile kwa kila mtu, na seva inaweza kuiandaa mara moja ikaigawa. Kuhifadhi usajili kunaandika kwenye hifadhidata. Kuingia kwa nenosiri ni kuzito kwa makusudi: hesabu inayolinda nenosiri imetengenezwa iwe polepole ili mwizi asibahatishe mamilioni kwa sekunde, na seva inaufanya uzito huo kila mtu anapoingia. Jaribio ambalo watumiaji bandia wameingia mara moja tu mwanzoni, kisha wakazunguka humo ndani saa nzima, limeiruka kazi ambayo saa 2 asubuhi inafanywa na kila mtu.

Hapo pia ndipo tovuti ya matokeo inapoachana na ya usajili. Matokeo ni ya kusoma. Ukurasa wa shule moja ni ule ule kwa wasomaji wote, na nakala zake zinaweza kuwekwa kwenye seva nyingi. Usajili hauna nakala. Aliyefanikiwa na moja asidhani ameiweza nyingine.

Taarifa za kujaribia

Skripti inayotumia akaunti moja, mwanafunzi001, kwa watumiaji wote 1,080 inaweza kudanganya pande mbili. Kwenye kusoma, hifadhidata itaiweka rekodi hiyo moja kwenye memori na kuijibu haraka kuliko kawaida. Kwenye kuandika, wote watagombea mstari mmoja na kusubiriana, foleni ambayo isingekuwepo. Kwa jaribio la saa moja la chuo hiki andaa akaunti 7,200 tofauti.

Kozi nazo zisichaguliwe kwa usawa. Kozi ya lazima ya mwaka wa kwanza inachukuliwa na maelfu, na idadi ya nafasi zake zilizobaki iko kwenye rekodi moja ambayo kila anayejisajili lazima aipunguze. Msongamano wa kweli uko hapo. Skripti inayotawanya watu sawasawa kwenye kozi 300 haitauona.

Ukubwa wa hifadhidata pia. Swali ambalo programu inaiuliza hifadhidata kwa kukagua rekodi zote moja moja halina shida kwenye jedwali la mistari 500. Kwenye usajili wa miaka kumi linakula sekunde nyingi. Jaza hifadhidata ya majaribio ifikie ukubwa wa ile halisi, ila usinakili majina na namba za simu za watu kama zilivyo. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na mazingira ya majaribio mara nyingi hulindwa kizembe.

Malipo na SMS visielekezwe kwa kampuni ya simu. Utawatumia watu ujumbe wa uongo au utafungiwa. Weka kiigizo kinachojibu badala yake, lakini kijibu kwa kuchelewa kama kampuni inavyochelewa, tuseme sekunde 2 hadi 5. Kiigizo kinachojibu papo hapo kinaificha foleni yote ya wanaosubiri malipo yathibitishwe.

Kuendesha na kusoma majibu

Usianze na mzigo wote. Anza na robo, panda hadi nusu, robo tatu, asilimia 100, kisha 125 na 150, ukishikilia kila ngazi dakika 10 hadi 15. Dakika za mwanzo za kila ngazi usizihesabu, seva bado inapasha moto. Unachotafuta ni ngazi ambayo ukiongeza wanaoingia, kurasa zinazotoka haziongezeki na muda wa kusubiri unaruka. Hapo ndipo kikomo. Baadaye fanya jaribio la pili, la mrindimo: watu mia kadhaa kwa sekunde chache, kama itakavyokuwa saa 2 kamili. Na la tatu liendelee kwa muda wa saa 8 hadi 12 mfululizo kwa mzigo wa kawaida, maana kuna magonjwa ya polepole, kama memori isiyorudishwa au diski inayojazwa na logi, yasiyoonekana kwenye dakika 15.

Angalia pia kompyuta inayotuma mzigo. Ikiwa prosesa yake imefika mwisho, unapima uchovu wake na siyo wa seva. JMeter, kwa mfano, haifai kuendeshwa kwa dirisha lake la picha kwenye jaribio halisi. Dirisha hilo ni la kuandalia, jaribio huendeshwa kwa mstari wa amri, yaani kwa kuandika maagizo bila picha.

Kisha majibu yenyewe. Wastani ndio namba inayopendwa kwenye ripoti na ndiyo inayoficha zaidi. Maombi 95 yakijibiwa kwa sekunde 0.4 na matano kwa sekunde 20, wastani ni sekunde 1.38, na bosi ataridhika. Lakini ziara ina kurasa 12. Kama kila ukurasa una hatari ya asilimia 5 ya kukwama, karibu nusu ya wanafunzi, asilimia 46, watakumbana na angalau ukurasa mmoja wa sekunde 20. Dai kiwango cha asilimia 95 na 99, yaani muda ambao maombi 95 au 99 kati ya 100 hayakuuzidi.

Kagua na maneno ya jibu. Mifumo mingi ikikwama hurudisha ukurasa wa kuomba radhi huku ikiiambia programu kwamba kila kitu ni sawa. Ukurasa huo ni mwepesi sana, hivyo kadiri mfumo unavyoharibika ndivyo grafu inavyopendeza. Skripti itafute kitu ambacho hutokea tu kazi ikikamilika, kama namba ya usajili.

Na ile seva kubwa?

Wakati mwingine ndiyo dawa. Mara nyingi kizuizi ni mpangilio ambao hakuna aliyeugusa tangu siku ya kusakinisha. Kwa programu za hifadhidata, PostgreSQL huja ikiruhusu miunganisho 100 kwa wakati mmoja, MySQL 151. Ukiongeza seva za tovuti kutoka mbili hadi sita bila kugusa hapo, umeongeza milango ya kuingilia kwenye chumba chenye viti vile vile, na foleni inahamia ndani ambako ni vigumu zaidi kuiona. Jaribio lililopangwa vizuri linakuonyesha foleni iko wapi kabla hujatoa hela.

Siku halisi ikipita, chukua logi zake uzilinganishe na mpango. Ulipanga 3.6 kwa sekunde. Logi zinaonyesha 6 kwa dakika mbili za kwanza kwa sababu viongozi wa madarasa walisambaza kiungo kwenye makundi ya WhatsApp kwa wakati mmoja. Ulipanga asilimia 30 watarudi kubadilisha kozi; walirudi 55, maana ratiba ilikuwa na mgongano. Namba hizo mbili ndizo zinazorekebishwa kwenye mpango wa muhula ujao, pamoja na tarehe, jina la aliyezibadilisha na sababu.